Paa Lisilo na Nguzo

Mhariri wa kamusi elezo alikuwa amesimama katikati ya soko kuu, gauni la njano, kalamu sikioni, akizungusha shingo kutafuta nguzo za lile paa kubwa. Seremala aliyekuwa akitengeneza meza karibu naye akashindwa kunyamaza.

"Utatafuta mpaka kesho, dada. Hamna hata moja. Aliyelijenga ni baba yangu."

Hapo ndipo yalipoanza. Kazi ya binti ilikuwa kuamua majengo yapi yanastahili kuingia kitabuni, na soko akalipendekeza siku ileile. Kufikia mwezi wa tatu wawili hawa hawalali bila kupigiana simu. Seremala alimwita Bi Ushahidi, maana kila alichoambiwa alikidaia uthibitisho, hata akiambiwa amependeza. Naye baba yake seremala, mzee mwashi, mgonjwa kitandani, aliuliza kila asubuhi kama jengo lake limeshaandikwa.

Kisha orodha ya majengo ikatoka. Mbele ya jina la soko pameandikwa: pendekezo limeondolewa na mhariri. Seremala akampigia kuuliza kama ni yeye. Binti akakiri, akaanza kueleza, jamaa akakata. Wiki mbili hakupokea simu yake. Hasira ni hasara, lakini nani amwambie mwenye nayo?

Aliyemtoa tongotongo ni baba yake. Alimkuta ameketi kitandani, miwani puani, ameshika muhtasari wa kikao cha wahariri uliotumwa nyumbani. Soko lilikuwa limepita: mhariri mwingine alilichunguza upya, akapata gazeti la zamani na kitabu cha wahandisi.

"Soma hapa, mwanangu."

Akasoma. "Naondoa pendekezo langu, apewe mwenzangu asiyehusika. Siwezi kuamua kwa haki. Nampenda mtoto wa aliyelijenga."

"Ameyasema mbele ya wajumbe tisa," mzee akasema, "na wewe hupokei simu."

Seremala alifika ofisini na vumbi la mbao kichwani. Aliomba radhi mlangoni, mbele ya kila mtu, kisha akamposa. Binti alishusha pumzi aliyoibana wiki mbili nzima, machozi yakamtoka, akacheka.

"Basi habari za soko lenu sitaruhusiwa kuziandika maisha yangu yote."

"Soko letu," akamsahihisha.

Kwa mara ya kwanza, Bi Ushahidi hakudai uthibitisho.