Tundu Chini ya Lami

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Leah aliweka kibao chake cha kuandikia dirishani, akala kiazi kilichobaki asubuhi, kisha akaenda bandani kwa baba yake. Mwaka huo wa 1953, pale Hasamba, banda la kuwekea kahawa lilikuwa limegeuzwa karakana. Ndani yake lilisimama gari kuukuu ambalo usharika wa kanisa ulilinunua kwa mlowezi mmoja aliyehama. Kwa miaka mingi kuku walikuwa wametagia kwenye viti vyake. Baba yake Leah, fundi Kasiani, alikuwa ameahidi kulifufua ili libebe wagonjwa mpaka hospitali ya misheni.

Kazi ya Leah ilikuwa kukwangua rangi. Juu ilikuwa nyeusi, chini yake kijani, na chini ya kijani kulikuwa na rangi ya kijivu iliyoshika chuma kama masizi kwenye chungu. Alilowesha msasa kwa maji, akasugua mpaka vidole vikafa ganzi.

"Leo unachuna ng'ombe gani?" rafiki yake Tabita alimtania kutoka mlangoni.

"Huyu hana nyama, ana mifupa tu. Njoo unisaidie."

"Mimi? Nirudi nyumbani mweusi kama sufuria? Mama hatanifungulia mlango!"

Aliyelisubiri gari hilo kuliko wote alikuwa Shangazi Tuntufye, dada yake Baba. Mara mbili alibebwa kwa machela kwenda kujifungua, na mara mbili mtoto alifia njiani. Sasa alikuwa na mimba tena. Ilipangwa apelekwe kwa gari Jumatatu, mapema, akasubirie kujifungua hospitalini.

Ijumaa alasiri Baba alipanda baiskeli kwenda Vwawa kutafuta bolti. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo mazito.

"Kwangua lami yote ya chini, kisha upake rangi nyekundu ya kuzuia kutu," alimwagiza Leah. "Ukiona kitu usichokielewa, acha mpaka nirudi."

Leah alilala chali chini ya gari, tindo mkononi. Lami ilibanduka vipande vipande. Alipofika kwenye chesisi, ule mhimili wa chuma unaobeba gari zima, tindo ilizama ghafla. Ilizama kama kijiko kwenye uji. Aliichomoa. Akaona tundu linalotosha ngumi yake.

Alitazama tundu, akatazama mkono wake. "Nimeliharibu," alinong'ona. "Nimelitoboa gari la watu!"

Nyumbani kwao, sakafu ikipasuka, wasichana ndio husiriba. Mikono ya Leah haikujua dawa nyingine ya ufa. Alikimbia akachota udongo na majivu, akakanda, akaziba tundu, akalainisha kwa kiganja kama alivyolainisha jiko la mama yake kila Jumamosi. Udongo ulipokauka, akapaka ile rangi nyekundu. Palipendeza. Hata yeye mwenyewe hakupaona tena.

Jioni Baba aliinama, akaangaza taa chini ya gari. "Mwanangu, una mkono mzuri," alisema. Leah alitazama pembeni. Usiku ule na uliofuata alikula kidogo, na Jumapili kanisani hakuimba.

Jumatatu asubuhi gari lilikuwa nje, linanguruma. Watu walipiga vigelegele. Shangazi Tuntufye alikuja taratibu, kitenge kipya kiunoni, akamshika Leah mkono.

"Huyu ndiye fundi wangu," alisema akicheka. "Safari hii sibebwi kwa machela kama gunia la mahindi."

Akainua mguu apande.

"Usipande, Shangazi!" Leah alipiga kelele. "Kuna tundu! Nimelitoboa chini, nikalisiriba udongo!"

Vigelegele vilikatika. Baba alizima gari, akachukua nyundo, akaingia chini. Aligonga mara moja. Udongo ukaanguka. Akagonga pembeni yake, na hapo kikaanguka kitu kingine: kipande cha gunia kilichooza, kimelowa lami. Kikafuata cha pili. Alipotoka na kuegemea ubavu wa gari, chesisi ililia kwa sauti kubwa. Gari likalala upande mmoja mbele ya macho ya watu wote.

Shangazi Tuntufye aliketi chini kwenye majani, mikono juu ya tumbo. Hakuna aliyecheka. Kila mtu alifikiria mteremko wa kwenda mtoni, kwenye njia ya hospitali.

Leah alisubiri kofi. Halikuja.

"Tindo ya mtoto haitoboi chuma kizima," Baba alisema. "Kutu imekila kwa miaka. Mtu aliyekuwa nalo aliona, akaziba kwa magunia, akapaka lami. Wewe ukaona, ukaziba kwa udongo, ukapaka rangi. Na mimi nikatazama rangi, nikakusifu. Nilipaswa kugonga."

Leah alilia kwa kwikwi. "Nilidhani utanichukia, Baba."

"Ningekuchukia kwa ajili ya chuma? Njoo hapa."

Walifanya kazi siku tano. Fundi wa misheni aliwachomea bamba nene la chuma pale palipooza. Leah alikwangua tena upande wote wa pili, na kila alipotilia shaka aliita, "Baba, njoo ugonge hapa!" Baba alikuja kila mara, hata pale palipokuwa pazima.

Jumatatu iliyofuata gari liliteremka mtoni, likapanda upande wa pili, likamfikisha Shangazi hospitalini. Baada ya wiki mbili Shangazi alirudi nalo, amempakata mtoto wa kike mwenye nywele tele. Alimwita Leah, akamwekea mtoto mapajani.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Kuogopa si kosa; hata mimi naogopa. Lakini ulikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili za kusema, ukasema mguu wangu ukiwa hewani. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku ile ile."

"Nitasema, Shangazi," Leah alijibu, akishika kichwa cha mtoto kwa uangalifu.