Mgeni Kinywani mwa Waziri

Siku ya kwanza kilikuwa kiti tu. Katibu muhtasi wa Waziri wa Maji alifungua ofisi saa moja na nusu asubuhi, akapanga magazeti mezani, akavuta kiti cha bosi wake ili akipanguse, na kitambaa kikarudi kimelowa chepechepe. Akatazama dari: kavu. Zulia nalo kavu. Akanusa vidole vyake. Vilinuka tope, lile la chini kabisa ambalo halijawahi kuonja jua.

"Labda ni mfanya usafi," Waziri alisema alipofika, bila kumtazama usoni.

"Mfanya usafi yuko likizo, mzee."

"Basi kibadilishe."

Kikabadilishwa. Kesho yake kile kipya nacho kikalowa.

Jumapili mchana Waziri alijinyoosha kwenye kochi la sebuleni, usingizi ukamchukua. Mkewe alikuwa anapita na nguo za kupiga pasi alipoona kitu kinamtiririka mumewe kutoka pembe ya mdomo. Alidhani ni mate. Alipoinama kumpangusa akaona ni maji ya rangi ya kahawia, na ndani yake jani dogo la kijani, bichi kabisa.

"Baba watoto," alimwamsha. "Baba watoto, umekula nini?"

Waziri aliliangalia lile jani kiganjani mwa mkewe, akainuka, akaenda kujifungia bafuni. Hakuhitaji kuambiwa lilikotoka. Alilijua bonde lile.

Miezi miwili nyuma bwawa jipya la bonde hilo lilikuwa limekamilika, na Kiongozi wa nchi alitarajiwa kulizindua siku ya Jumamosi. Waziri hakutaka mkubwa wake aje kupigwa picha na shimo kavu. Akaagiza malango yafungwe Alhamisi, siku nne kabla ya tarehe waliyotangaziwa wanakijiji waliohamishwa bondeni. Alhamisi hiyo msimamizi wa lango alimpigia simu moja kwa moja. "Mheshimiwa, kuna mama mmoja ameshuka bondeni na watoto wake wawili. Naomba saa moja tu niwatafute." Waziri alikuwa kwa kinyozi, kidevu kimejaa povu. Akasema, "Funga, bwana. Watatoka wenyewe." Akakata simu, akamwambia kinyozi aendelee.

Hawakutoka. Msimamizi alifukuzwa kazi wiki iliyofuata kwa utovu wa nidhamu.

Jumanne ilikuwa siku ya maswali bungeni. Mbunge wa jimbo lenye bonde lile, mama mnene mwenye miwani na sauti ya upole, alisimama akauliza kama Serikali ilihakikisha bonde ni tupu kabla ya kufunga malango, na kama kweli makazi mapya ya wanakijiji yana maji.

Waziri akasimama na jalada lake. "Mheshimiwa Spika, makazi mapya yana mabomba kumi na mawili, na yote yanatoa maji safi na salama." Wabunge wa upande wake wakapiga meza. "Kuhusu bonde, Mheshimiwa Spika, Serikali ilijiridhisha. Siku ya kufunga malango bondeni hakukuwa na mtu."

"Tulikuwepo."

Ilikuwa sauti ya mtoto, na ilitoka kwenye vipaza sauti vyote vya ukumbi. Wabunge wakageuka huku na huku. Mmoja wa nyuma akacheka, "Leo Waziri kaja na familia!" na kicheko kikazagaa. Waziri hakucheka. Alikuwa ameuhisi ulimi wake ukijipinda wenyewe, ameyahisi yale meno yake mwenyewe yakiachia neno ambalo hakulituma, na sasa maji ya baridi yalikuwa yanapanda kooni polepole, yenye mchanga, yenye ladha ya majani yaliyooza, naye anayameza na kuyameza huku akitabasamu mbele ya kamera, kwa sababu mtu mzima aliyevaa suti hawezi kutapika tope mbele ya taifa.

Nje ya ukumbi fundi mitambo alimfuata mbio, akamvuta pembeni. "Mheshimiwa, samahani. Ile sauti... mimi nilikuwa nimeshazima kipaza sauti chako."

"Usimwambie mtu," Waziri akanong'ona.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, na mke wa Waziri alipozidiwa alimpigia simu yeye. Alifika Alhamisi asubuhi pamoja na bibi mmoja mwembamba, mkunga mstaafu, ambaye watu walimwendea kwa mambo ambayo hospitali haiyaandiki kwenye kadi. Bibi hakuja na hirizi wala makeke. Aliomba mapazia yafungwe, akamkalisha Waziri sakafuni, akamwekea mkono kifuani.

"Uliyemo humu," akasema kwa adabu, "hodi."

Zulia likaanza kulowa, kuanzia alipokaa Waziri kwenda nje, taratibu, mpaka mke akapandisha miguu kwenye kochi. Sauti iliyojibu haikuwa ya mtoto tena. Ilikuwa nzito, yenye mwangwi, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi.

"Karibu, bibi. Usinisukume. Nimechoka."

"Wewe nani?"

"Mwenye chemchemi. Nimekaa bondeni kabla ya babu wa babu zao. Watu walipohamishwa nilibaki, maana jini haandikwi kwenye orodha ya kuhamishwa."

"Na huyu amekukosea nini? Kaigharikisha nyumba yako?"

"Nyumba si kitu. Yule mama alikuja kwangu na ndoo. Mabomba ya huko walikopelekwa hayana hata tone. Alikuja na wanawe kuchota. Maji yalipopanda aliniita mimi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwita. Mimi ni wa maji, bibi, lakini yale hayakuwa maji yangu. Niliwashika mkono mpaka ukalegea." Maji yakamwagika mdomoni mwa Waziri, yakalowesha shati lote. "Halafu nikamsikia huyu akisema hawakuwepo."

Mke alijiziba uso kwa kanga. Dada hakujiziba. Alimkazia macho mdogo wake.

"Unataka nini utoke?" bibi akauliza.

"Awarudishe pale alipowafuta."

Waziri alipozinduka aliwakuta wanawake watatu wamemzunguka, wanamwangalia jinsi mtu anavyoangaliwa na waliokwisha kujua.

"Ni kweli?" dada akauliza kwa sauti ndogo. "Ulipigiwa simu?"

"Dada, mambo ya serikali ni—"

"Nimekuuliza, ulipigiwa simu?"

"Ndiyo."

"Nilikubeba mgongoni mimi," alisema dada. Akasimama, akaenda kukaa kwenye gari.

Jumanne iliyofuata Waziri aliomba nafasi ya kutoa maelezo binafsi. Chama chake kilidhani anakwenda kumjibu yule mbunge, wakajaa. Alianza kama alivyozoea. "Mheshimiwa Spika, kwa mujibu wa taarifa zilizokuwepo wakati ule..." Maji yakajaa kinywani. Akayameza. "Kutokana na changamoto za mawasiliano..." Yakaja tena, mengi zaidi, yakamtoka puani, na akajua kwamba akiongeza neno moja tu la namna hiyo atazama palepale amesimama, juu ya zulia jekundu, katikati ya watu mia tatu, na hakuna atakayejua kamba ya kumrushia, akaliachia jalada likaanguka, karatasi zikatawanyika, akashika meza kwa mikono miwili na kusema kwa pumzi moja, "Walikuwepo. Nilipigiwa simu nikiwa nanyolewa. Niliambiwa kuna mama na watoto wawili, nikaombwa saa moja, nikasema funga. Walifuata maji bondeni kwa sababu mabomba niliyowasifia hapa hayatoi maji. Nilidanganya, na aliyetaka kuwaokoa nikamfukuza kazi."

Kitu kikamtoka kifuani, kama mlango mkubwa unaofunguliwa na upepo. Mapazia ya ukumbi yakapepea yote kwa pamoja, madirisha yakiwa yamefungwa, kisha yakatulia. Koo likawa kavu. Akavuta pumzi, ya kwanza nzima kwa siku nyingi, na kwa kitambo kidogo, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri.

Hakuna aliyepiga meza. Waliokuwa jirani yake walikuwa wamesogeza viti.

Yule mbunge mwenye miwani akasimama. Hakupandisha sauti.

"Mheshimiwa Spika, namshukuru Waziri. Naomba jambo moja tu liingie kwenye kumbukumbu za Bunge. Atutajie majina yao."

Waziri akafungua mdomo. Akaziangalia karatasi zilizotawanyika miguuni pake: idadi ya mabomba, kina cha bwawa, ratiba ya uzinduzi. Akasikiliza ndani yake, kwa yule aliyewashika mkono, amnong'oneze hata jina moja, la yule mdogo tu. Lakini mgeni alikuwa ameshaondoka.

"Mheshimiwa Waziri," Spika akasema, "Bunge linakusubiri."