Bakuli la Kijani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Joëlle alifagia ua, akawasha makaa na kupiga pasi shati la baba yake. Zamani lilikuwa shati la bluu, la reli. Siku hizi treni hupita kwa nadra, na Papa Valère alikuwa amepata kazi nyingine. Shati sasa lilikuwa jeupe. Alilivaa kwenda Mexico Plage, mkahawa mpya kando ya ziwa, ambako wenye pesa wa Kalemie wanakwenda kula tacos na kujipiga picha. Hapo Papa Valère alikuwa mhudumu. Alibeba sahani, akafuta meza, na kichwani akavaa kofia pana ya majani, kwa sababu mwenye mkahawa alitaka iwe hivyo.

Jioni, bukari, yaani ugali, ilipoiva, Joëlle alishika jagi na beseni na kumnawisha baba yake mikono kabla ya kula, akipiga goti kidogo. Kila mtoto wa mtaa wao hufanya hivyo kwa mzazi. Nyumbani alifanya hivyo kwa moyo mweupe. Shuleni, jina la baba yake lilipotajwa, moyo huo huo ulijificha.

"Papa yangu ni mukubwa wa stesheni," aliwaambia wenzake wa darasa la sita.

"Mukubwa wa stesheni isiyo na treni," alijibu Rachelle, na Cédrick akacheka mpaka akashika mbavu. Cédrick alicheka kila neno la Rachelle, kama mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Rachelle alikuwa binti wa mkubwa wa biro moja ya serikali mjini. Viatu vyake havikujua tope. Wiki ile alikuwa akitangaza sikukuu yake ya kuzaliwa darasani.

"Feti yangu itakuwa Mexico Plage," alisema. "Tutakula tacos. Watu wa Kataki hawajui hata tacos ni kitu gani. Watafikiri ni dawa ya minyoo."

Darasa lilicheka, na macho yote yakamgeukia Joëlle, maana yeye ndiye aliyekuwa mtu wa mtaa wa Kataki. Damu ilimchemka.

"Tacos?" alisema. "Nilizila Lubumbashi, kwa mama mudogo, mpaka nikazichoka."

Joëlle hakuwa amewahi kufika Lubumbashi.

Rachelle alimtazama taratibu, toka kichwani hadi miguuni. "Basi njoo Jumamosi saa sita. Utatufundisha namna ya kula."

Ule haukuwa mwaliko. Ulikuwa mtego, na Joëlle aliuona. Lakini angekataa, wangesema ameogopa. Tena Jumamosi baba yake hakuwa na zamu. Akakubali. Nyumbani alisema feti itafanyika kwa akina Rachelle.

Jumamosi alivaa gauni lake la kanisani akashuka hadi ziwani kwa miguu. Asichokijua ni kwamba asubuhi ile, alipokuwa kisimani, mhudumu mmoja alikuwa ameugua homa, na Papa Valère ameitwa kushika nafasi yake.

Meza ya Rachelle ilikuwa barazani, mbele ya maji. Rachelle alikaa kati, Cédrick kulia. Upande mwingine alikaa Tony, mdogo wake Rachelle wa miaka mitano, akipiga kijiko mezani. Mama yao, Mama Bijou, alikuwa meza ya jirani akizungumza kwa simu. Joëlle alipewa kiti cha mwisho.

"Mwalimu wa tacos amefika," alisema Cédrick. "Umekuja na treni?"

Kabla hajajibu, mhudumu alikuja na jagi la shaba na beseni. Mama Agnès, mwenye mkahawa, alipenda wageni wake wanawishwe mezani. Joëlle aliona kwanza mikono, ile mikono mikubwa yenye kovu la chuma cha reli. Kisha akaona shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe.

Papa Valère naye alimwona. Uso wake ulifunguka, kama mtu aliyekutana na mtoto wake mahali pasipotarajiwa. Alikuwa karibu kuita jina.

Joëlle aligeuza uso akatazama ziwa.

Uso wa Papa Valère ukajifunga. Alimnawisha Rachelle, akamnawisha Cédrick, akamnawisha Tony. Alipofika kwa binti yake aliinamisha jagi, na maji yakamwagika juu ya mikono ya Joëlle. Baba alikuwa amesimama akimnawisha mtoto, naye mtoto amekaa kama hamjui.

"Angalia kofia ya muzee," alinong'ona Cédrick, lakini kwa sauti ya kusikika. "Angeipanda ziwani, angefika Kigoma."

Rachelle alicheka. Joëlle, Mungu amsamehe, alicheka pia.

Tacos zililetwa: chapati ndogo za mahindi zilizokunjwa, ndani mna nyama ya kusaga, kabeji na vipande vya kukaanga vya mikeke, samaki wa ziwa lile. Papa Valère akaweka katikati ya meza mabakuli madogo ya mchuzi, moja jekundu, moja jeupe, moja la kijani.

"Hili la kijani, watoto, muwe na—"

"Papa, tuache," Rachelle alimkata, akipunga vidole kama anayefukuza nzi. "Hapa tuko na muntu wa Lubumbashi. Anajua yote. Weye leta Fanta."

Papa Valère alimtazama Joëlle mara moja tu. Joëlle alikuwa bado anatazama ziwa. Akaenda kuleta Fanta.

"Haya, mwalimu," alisema Rachelle, akisukuma mbele bakuli la kijani. "Hii njo nini?"

Joëlle aliinama akaliangalia. Mchuzi ulikuwa mzito, umesagwa, rangi ya majani ya muhogo. Pili-pili aliyoijua maisha yake yote ilikuwa nyekundu. Kitu cha kijani kilichotwangwa, kwa mtoto wa Kalemie, ni mboga ya majani ya muhogo, nayo ina jina moja.

"Sombe," alisema kwa sauti ya mtu mwenye hakika. "Lubumbashi wanaitwanga bila mafuta. Inaliwa na kijiko."

Tony alipenda sombe kuliko nyama. Kabla ya mtu kumzuia alichota kijiko kizima, akakitia mdomoni na kumeza.

Kwanza hakulia. Alifungua mdomo na sauti haikutoka. Macho yalimtoka, machozi na makamasi yakashuka pamoja, akajishika koo. Kisha akapiga ukelele uliosimamisha muziki. Alitapika juu ya meza na juu ya viatu vipya vya dada yake.

Papa Valère aliangusha sinia la Fanta na glasi, akakimbia jikoni na kurudi na maziwa baridi. Alimbeba mtoto, akamnywesha kidogo kidogo, akamsafisha midomo. "Usimeze haraka, baba. Inapita. Tayari inapita." Pumzi ya Tony ilirudi, lakini kilio kilizidi.

Mama Bijou alimpokonya mtoto. "Umemulisha nini mutoto wangu, weye? Unataka kumuua?"

Mama Agnès alifika mbio. Aliangalia bakuli, akaelewa mara moja. "Ni pili-pili ya kijani, Mama. Kali sana. Wahudumu wangu lazima wamuonye kila mgeni." Akamgeukia Papa Valère. "Uliwaonya?"

"Hakusema kitu," alisema Rachelle upesi, kabla mwingine hajapumua. "Aliweka tu na kwenda zake."

"Kweli," alisema Cédrick. "Hata kidogo."

Chini ya meza Rachelle aliushika mkono wa Joëlle na kuuminya. Joëlle alielewa. Rachelle aliogopa kumwambia mama yake kwamba alimfukuza mhudumu kabla hajamaliza kusema. Alikuwa akimwambia Joëlle: nyamaza, na mimi nitanyamaza. Habari ya sombe itazikwa hapa. Kuanzia leo wewe ni wetu. Kwa mara ya kwanza mtu wa meza ile alikuwa upande wake. Alichotakiwa kutoa ni baba yake tu.

"Valère, nakuuliza," alisema Mama Agnès.

Papa Valère alitazama watoto mmoja mmoja. Alipofika kwa binti yake hakukaza macho, alipita kama anayepita mlango wa jirani. "Sikumaliza kusema, Mama. Kosa ni langu."

"Umufukuze," alisema Mama Bijou. "Leo. Ama muzee wangu atakuja mwenyewe, na hapa patafungwa."

Mama Agnès alishusha pumzi. "Vua kofia, Valère."

Papa Valère aliivua. Akafungua aproni, akaikunja mara mbili, akalinganisha kingo zake. Joëlle alikuwa amemwona akikunja hivyo hivyo shati la bluu siku ile ya mwisho ya kazi ya reli. Siku ile hakuwa amefanya kosa lolote. Leo pia.

Joëlle alivuta mkono wake kutoka kwa Rachelle akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Huyu ni papa yangu," alisema.

Akamgeukia Mama Agnès.

"Alianza kutuonya, Rachelle akamukata. Mimi ndiye nilisema ni sombe. Nilisema inaliwa na kijiko. Sijawahi kula tacos. Lubumbashi sijafika."

"Muongo," alisema Rachelle, uso umemwiva.

"Ndiyo, nilikuwa muongo. Sasa nimeacha, ni zamu yako."

Mama Bijou alimtazama binti yake. Rachelle aliangalia viatu vyake vilivyochafuka. Jibu lilionekana hapo, lakini Mama Bijou hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa mhudumu. Alimbeba Tony, akachukua mkoba. "Mutoto wa mhudumu anakaa meza moja na wangu, halafu tunashangaa," alisema, akaondoka. Rachelle alipopita alimgonga Joëlle bega. "Jumatatu utatujua." Cédrick alifuata nyuma, na safari hii hakuwa na la kucheka.

Mama Agnès aliokota kofia akamrudishia Papa Valère. "Vaa. Lakini siku nyingine mgeni akikukata maneno, unayamaliza. Hata akiwa mutoto wa mukubwa." Kisha akamgeukia Joëlle. "Na weye utafuta hii meza mpaka niione sura yangu ndani yake."

Joëlle alifuta matapishi, akaosha mabakuli, akafagia vipande vya glasi. Baba yake alihudumia meza nyingine. Kazi ilipokwisha, Mama Agnès aliweka mbele yao sahani ya tacos zilizobaki jikoni. Papa Valère alikaa, lakini hakugusa chakula.

"Papa, unisamehe."

"Umenikasirisha, Joëlle," alisema. Sauti yake haikupanda, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Hii kofia haikuniaibisha. Kubeba sahani hakukuniaibisha. Uliponigeuzia uso, hapo niliaibika. Na ule uongo uliona ni mudogo, wa kuwafunga mdomo watoto wa darasa. Ulikaribia kumufunga pumzi mutoto asiye na kosa. Kitu usichokijua, sema sikijui. Kazi ya mukono haina aibu, uongo njo una aibu. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Wageni wengine walikuwa wakiwatazama. Joëlle aliinuka, akachukua jagi la shaba na beseni, akapiga goti kidogo mbele ya wageni wote na kumwagia baba yake maji mikononi. Alimimina polepole. Papa Valère alinawa, akakung'uta vidole, akamkatia kipande cha tacos.

"Hii ya kijani," alisema, "kidogo sana. Ncha ya kidole."

Jumatatu, darasani, walimwita Sombe. Joëlle aliweka mkoba wake juu ya dawati, akaitika.