Kisiki cha Jedidah

Chrispine, rafiki yangu wa Homa Bay, hukuza bonsai, ile miti midogo ya kwenye vyungu. Haya nayarudia vile alivyonieleza.

Mkewe Jedidah alifariki kabla ya kujifungua mtoto wao wa kwanza. Asubuhi aliyopelekwa hospitali alikuwa ameanika nguo za mtoto, kule nyumbani Uriri. Waya wa kuanikia alikuwa ameufunga kwenye kisiki cha mkuyu uliojiotea nyuma ya nyumba, na kwa miaka kisiki kilikuwa kimeumeza.

Baada ya mazishi Chrispine alikichimba, angalau awe na kitu cha Jedidah mjini. Aliukata waya, akaacha kipande kifupi kikining'inia. Mamake alikuwa akimtazama kutoka mlangoni.

"Wuoda, mwanangu, na sasa nguo ataanika wapi?"

"Nani, Mama?"

Mama aliingia ndani.

Kisiki kikakaa sebuleni kwake mjini, kwenye chungu. Jioni moja stima zilipotea. Gizani Chrispine alisikia nguo ikikamuliwa, kisha ikikung'utwa taratibu, vile Jedidah alivyozoea. Aliita jina lake. Sauti ikanyamaza.

Alipapasa hadi kwenye chungu. Kile kipande cha waya hakikuwa kikining'inia tena. Kilikuwa kimenyooka na kukaza, kama kilichofungwa upande wa pili. Aliwasha tochi ya simu. Kutoka kwenye chungu hadi ukutani, sakafuni palikuwa na mstari wa matone ya maji, yamekaribiana kama ya nguo ndogo ndogo.

Na mengine yalikuwa bado yanadondoka.