Kikapu cha Kahawa cha Mzee Clavery

Kwetu Nyakakika mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Anapewa akamwani, kahawa ya kutafuna. Baba yangu, mzee Clavery, alikuwa na kikapu chake kidogo. Kila jioni majirani walikuja. Kikapu kilipita mkono kwa mkono, na mazungumzo yakanoga.

Kisha ikaja korona. Mama akaugua, akafariki. Tangu tumzike, hakuna jirani aliyekanyaga uani.

"Wanatuogopa," Baba alisema. Akakitundika kikapu ukutani.

Wiki tatu zikapita. Ndizi nilizompikia zilirudi zilivyo. Usiku hakulala. Shambani magugu yaliota, naye alikuwa bingwa wa migomba! Mimi Kokuhirwa nina mdomo. Nikamfokea, "Baba, jikaze! Wewe ni mwanamume." Nilikosea sana.

Asubuhi moja alinipa panga lake la shambani.

"Mpe mumeo. Mimi sina kazi nalo tena. Nataka kumfuata mama yako."

Nikamkimbilia Mukabera, mhudumu wa afya wa kijiji chetu. Alikuja amevaa barakoa, akakaa nje, mbali kidogo na Baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Pole kwa msiba. Nakuuliza wazi, mzee wangu. Unafikiria kujiua?"

Nikaruka. "We Mukabera! Unamfundisha?"

"Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, Kokuhirwa. Kunampa nafasi ya kusema."

Baba akainamisha kichwa. "Ndiyo," akasema. Akalia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, hata siku ya mazishi.

Mukabera alimwacha alie. Kisha akasema, "Huzuni ikizidi inakuwa ugonjwa, mzee. Si aibu, wala hujarogwa. Unatibika. Twende kituo cha afya leo hii."

Akanigeukia. "Na wewe, usimwache peke yake. Dawa za wadudu za shambani zifungie kwako. Msikilize. Usimfokee."

Tulikwenda. Daktari alimsikiliza Baba kwa muda mrefu, akampangia siku za kurudi. Hatukukosa hata moja.

Lakini uani bado palikuwa kimya. Hilo lilinikera. Nikamfuata jirani yetu Projestus nyumbani kwake.

"Baba amekukosea nini?" nikamuuliza.

"Hajanikosea, mwanangu! Kikapu kimoja, mikono kumi, na ugonjwa huu. Nami nitaikataaje kahawa ya mzee? Si ni kumtukana? Nikaona heri nisije."

Kumbe! Mmoja alikaa mbali kwa heshima, mwingine akadhani anaogopwa.

Nilimweleza Mukabera. Alitikisa kichwa. "Tuliambiwa tusikaribiane. Hatukuambiwa tutupane. Upweke nao unaumiza. Tafuteni njia."

Njia nikaipata migombani. Nilikata jani, nikalipitisha kwenye moto likalainika. Nikafunga punje chache za kahawa, kila mtu kifurushi chake. Nikaweka viti nje, hatua mbili kutoka kimoja hadi kingine. Kwenye njia ya kuingilia nikaweka ndoo ya maji na sabuni.

Jioni ile Projestus, niliyekwenda kumwita, alikuja na wenzake wawili. Walinawa. Baba alimtupia kila mmoja kifurushi chake.

"Mzee, siku hizi tunalishwa kama kuku!" Projestus akasema.

Baba akacheka. Kicheko kidogo tu, lakini nilikisikia mpaka jikoni.

Haikuwa dawa ya siku moja. Siku nyingine alirudi kitandani mchana. Tukamkalisha nje, tukazungumza habari za Mama, tukarudi kwa daktari. Hatukuchoka.

Asubuhi moja, katika mwezi wa pili wa matibabu, nilimkuta amesimama uani amevaa mabuti ya shamba.

"Kokuhirwa, panga langu liko wapi?"

"La nini, Baba?" nikauliza haraka.

"Jana ulifunga kahawa kwa majani yaliyochanika. Wageni wangu watanionaje? Lete nikakate mazuri."

Sikumpa mara moja. "Twende wote," nikasema.

Tukaenda. Alikata majani sita, akaanza kung'oa magugu.