Kiti cha Mama Mkwe

Kijiji cha ujamaa kilikuwa na mwaka mmoja tu pale Kintinku. Asubuhi ile watu wengi walikwenda kupalilia shamba la pamoja. Marietha alikwenda na jembe lake. Mumewe, Paskali, alibaki nyumbani, maana alikuwa na jipu mguuni. Mama yake Marietha, bibi Magdalena, alikaa uani kwenye kigoda, akichambua mtama.

Jua likapanda. Magdalena alitaka kwenda kivulini. Akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Akajaribu tena.

Paskali alimwona. Lakini mkwe hamgusi mama mkwe wake, ndivyo walivyolelewa. Akasimama pale, mikono nyuma, huku moyo unamuuma. Kiti chenye mikono, ambacho mama alikuwa akikishika na kuinuka mwenyewe, kilikuwa kimevunjika.

"Dada Dina! Njoo, mama amekwama!"

Dina, jirani yao, siku hiyo alikuwa na zamu ya kulea watoto. Alikuja mbio, akamwinua Magdalena. Bibi alikuwa analia.

"Nainuliwa kama gunia," alisema. "Bora nisitoke nje tena."

Maneno hayo yalimchoma Paskali. Akakileta kile kiti. "Nimekitengeneza mara mbili, dada. Kimenishinda."

Marehemu mume wa Dina alikuwa seremala Itigi, na Dina ndiye aliyemsukia viti. Alikitazama, misumari imechomoza kila upande, akacheka.

"Shemeji, hiki ni kiti au nungunungu? Msumari unapasua mti, halafu unalegea. Na henzirani hii ya kusukia kikalio uliisuka kavu?"

"Kavu. Ikakatika yote."

"Haraka haraka haina baraka. Tuanze upya."

Wakang'oa misumari. Paskali akakwangua gundi kuukuu kwenye viungo, akapaka mpya, akavifunga kwa kamba mpaka kesho yake. Henzirani mpya wakailoweka majini hadi ikapindika bila kuvunjika.

"Pitisha juu, pitisha chini, vuta," Dina alimwelekeza. "Usiilegeze."

Walipomaliza, Magdalena akataka kukaa papo hapo.

"Bado, mama," alisema Paskali. "Ikikaliwa mbichi italegea."

Kiti kilikauka kivulini siku mbili. Jumapili Magdalena akakikalia, akanywa uji wake taratibu. Kisha akashika mikono ya kiti. Paskali alikuwa mbele yake. Mama akajisukuma, akasimama wima.

"Mkwe wangu," alisema, "nipishe. Nakwenda kumtembelea Dina."