Dole Gumba la Lilian

Alama ile ilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo Sajenti Naisiae Lesian alipoanza kuitilia shaka. Dole gumba lilikaa katikati ya kisanduku chake, wima, mistari yote inasomeka, na wino wa zambarau haukuvuja hata nukta moja. Juu yake yalichapwa maneno haya: mimi Lilian Aminieli, kwa hiari yangu, ninamhamishia mdogo wangu Ephraimu Aminieli sehemu yangu yote ya nyumba ya urithi iliyoko Nkoaranga. Tarehe 3 Mei. Sababu ya kutumia dole: mgonjwa hawezi kushika kalamu.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 10 Juni, saa tatu asubuhi. Aliyeleta nakala ya hati hiyo kituoni alikuwa Marta, mtoto pekee wa Lilian, binti wa miaka ishirini anayesomea uuguzi. Mama yake alifariki alfajiri ya tarehe 9 Mei. Hati ilifika ofisi ya kata wiki nne baadaye, ndani ya bahasha isiyo na jina la mtumaji, ikiwa na muhuri wa wakili ambaye Arusha nzima hakuna aliyewahi kumsikia.

"Mama hakuweka hili dole, afande," Marta alisema.

"Unajuaje?"

Binti akatoa daftari dogo la dawa. Kila dozi ilikuwa imeandikwa saa yake, kwa mwandiko uleule, kuanzia Machi mpaka jioni ya tarehe 8 Mei. Siku ya tarehe tatu ilikuwa na mistari minne. Herufi zilikuwa zimelala upande, lakini zilisomeka.

"Aliandika mwenyewe mpaka siku ya mwisho. Sasa mtu anayeandika dole la nini?"

"Na mkononi hakuwa na wino?"

"Nilikuwa namwogesha kila jioni. Tarehe nane nilimkata kucha. Hakuwa na doa."

Naisiae akaweka kalamu chini. "Hati hii ikisimama, wewe unapoteza nini?"

"Chumba cha mama," Marta alijibu. "Sina kwingine, afande. Baba yangu hata sura simjui."

Siku mbili baadaye mtaalamu wa alama za vidole akaleta majibu: dole lile ni la Lilian kweli. Wenzake Naisiae wakacheka, wakamwambia afunge faili, marehemu aliweka dole, binti ana uchungu tu. Naisiae hakucheka. Alikuwa mtu wa kuuliza swali moja mara tatu na kuwakera watu mara zote tatu. Tena kwao Oldonyo Sambu, boma la baba yake liligawanywa kwa kaka zake wanne, naye akaambiwa atapewa huko atakakoolewa. Faili kama hili lilimwuma mahali pake.

Alhamisi, tarehe 13, alipanda Nkoaranga kwa miguu kutoka barabarani. Nyumba ya marehemu Mzee Aminieli ilikuwa ya matofali ya kuchoma, katikati ya migomba, na kahawa ikishuka mpaka kwenye mfereji. Mahakama iliigawa mafungu matatu: Nelson, mtoto wa kwanza, aishiye Njiro, Lilian, na Ephraimu, kitinda mimba, aliyekuwa akimuuguza dada yake. Kwa akili ya kawaida mwizi alikuwa Ephraimu. Hati ilimpa yeye.

"Dada yako alikuhamishia sehemu yake?" Naisiae alimwuliza.

"Karatasi imesema hivyo."

"Mimi nakuuliza wewe, siyo karatasi."

Ephraimu alitazama chini. Alikuwa jamaa mrefu, mwenye mikono iliyojaa nyufa za jembe. "Sikumwona akiweka dole. Tangu walipomchukua kwenda mochwari mimi sikumwona tena, mpaka jeneza lilipofunguliwa hapa uani. Sikuweza, afande. Nilimbeba mgongoni miezi miwili. Kumwona amelala kule sikuweza."

Alilia waziwazi mbele ya askari, bila haya. Naisiae akaandika maneno yake yote kama alivyoyasema.

Nyumba ya tatu kutoka hapo aliishi Bibi Tabea, mzee wa kanisa, aliyeongoza kina mama kumwosha marehemu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Umekuja kwa ajili ya wino, sivyo?"

Naisiae akashtuka. "Wino gani?"

"Wa doleni. Jumatatu ile ya mazishi, tarehe kumi na tatu Mei, tulikwenda mochwari saa moja asubuhi. Nikamkuta dole gumba la kulia ni zambarau tupu. Nikadhani mambo ya hospitali. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa limau, wapi! Nikamtuma mwenzangu akanunue glovu nyeupe, tukamvisha zote mbili, asiagwe na watu akiwa na uchafu. Kwanza nikamvua pete ya mama yake, imezungushiwa uzi mwekundu isimdondoke. Nikampa Marta, akaufumua ule uzi palepale, akaivaa."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Nani aliniuliza?" Bibi akamkazia macho. "Na nikwambie mapema, Lilian aliniachia bahasha. Inafunguliwa siku ya arobaini tangu mazishi, tarehe ishirini na mbili mwezi huu."

"Bibi, hii ni kesi ya polisi. Nipe niisome sasa."

"Marehemu alisema arobaini. Hata ungekuja na bunduki ungesubiri."

Basi Naisiae akasubiri. Jambo moja lilikuwa limeshakuwa wazi: dole lilikuwa safi kwa sababu mkono haukutetemeka. Lilian aliwekewa dole akiwa maiti.

Daftari la mochwari lilikuwa na mstari mmoja tu uliohusika. Jumamosi, tarehe 11 Mei, saa kumi na dakika kumi jioni, nguo za marehemu Lilian Aminieli, ameleta Ephraimu Aminieli. Mhudumu wa zamu hakukumbuka sura. Siku ile watu walikuwa wengi. Naisiae akamwita Ephraimu kituoni.

"Nani aliingia ndani na zile nguo?"

"Mimi nilisaini."

"Sikuuliza aliyesaini."

Ephraimu akanyoosha mikono yote miwili mezani. "Niandikie mimi, afande. Niweke ndani yaishe."

Askari wengine wangemfunga pingu wakaenda kunywa chai. Naisiae alimtazama mtu huyu aliyekuwa na hamu ya kufungwa lakini hasemi amefanya, akamwonea huruma, akamwambia arudi nyumbani.

Jumatano, tarehe 19, saa kumi na moja jioni, alikuwa Njiro sebuleni kwa Nelson. Nelson alikuwa mstaafu wa serikali, shati limepigwa pasi, sauti ya mtu aliyezoea kuongoza vikao.

"Afande, nyumba ile mimi siitaki. Sehemu yangu nilishampa Ephraimu miaka mitatu iliyopita, uliza mahakamani. Nighushi hati ili nipate nini?"

Lilikuwa swali zuri, na Naisiae akaliandika. "Lilian ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Tulikuwa hatusemezani. Miaka mitatu. Nilimwona siku ya kuaga, ndani ya jeneza, kama watu wengine wote." Nelson akageukia picha ukutani, watoto watatu mbele ya migomba, na macho yakamlegea. "Alikuwa amekonda yule mtoto. Mpaka pete ya mama ilibidi ifungwe uzi."

Naisiae aliandika, akafunga daftari, akashukuru kwa soda. Alipofika getini akampigia Marta.

"Ule uzi wa pete uliufunga lini?"

"Tarehe sita Mei, akiwa kitandani. Ilikuwa inamvuka."

"Baada ya hapo nani alikuja kumwona?"

"Mjomba Ephraimu na Bibi Tabea tu. Wengine mama alikataa."

Jumamosi ya arobaini watu wa nyumbani walikaa sebuleni Nkoaranga baada ya sala. Loshoro ya mahindi na maziwa mgando ilikuwa tayari jikoni, lakini kwa desturi yao maneno ya marehemu hutangulia chakula. Naisiae alikaa karibu na mlango, amevaa gauni la kawaida. Bibi Tabea alifungua bahasha, akavaa miwani, akasoma polepole.

"'Tarehe 20 Aprili. Ephraimu mdogo wangu, sehemu yangu ya nyumba nakupa wewe. Umenibeba mgongoni, na hilo sina cha kulilipa. Marta akae chumbani kwangu mpaka atakapopata kwake. Kaka Nelson, haya nilitaka nikwambie kwa mdomo wangu. Nimemwomba Bibi Tabea asimwambie mtu, maana nilitaka uje kwa ajili yangu, siyo kwa ajili ya nyumba. Ukija kabla sijaondoka, tutaichana karatasi hii tuandike nyingine pamoja.' Amesaini mwenyewe. Mimi na mchungaji tulishuhudia."

Nelson alikuwa ameinama, viwiko magotini.

"Mzee Nelson," Naisiae alisema kwa upole, "siku ya kuaga marehemu alivaa glovu, na pete alikuwa ameshavuliwa. Uzi ulifungwa tarehe sita Mei ukafumuliwa tarehe kumi na tatu, kabla hajawekwa jenezani. Wewe uliuona wapi?"

Angeweza kusema aliambiwa na Ephraimu. Ephraimu mwenyewe alikuwa ameshainua kichwa, tayari kuitikia. Nelson akamtazama mdogo wake, akatikisa kichwa.

"Niache, Ephraimu. Imetosha." Akamgeukia Naisiae. "Nilimwona mochwari. Huyu alishindwa kuingia, akasaini tu, akabaki kwenye gari. Mimi nikaingiza nguo. Mhudumu akanifunulia, akatoka ili nipate kulia. Hati nilikuwa nayo mfukoni, na pedi ya wino."

"Kaka ndiye aliyenilea," Ephraimu alisema bila kuulizwa. "Nilipoiona ile hati nikajua. Ningesema nini?"

"Lakini kwa nini?" Bibi Tabea aliuliza. "Wewe usiyeitaka hii nyumba!"

"Baba alinishika mkono siku anakufa. Akasema nyumba isikatwe vipande, abaki nayo mtoto wa mwisho, kama ilivyo desturi kwetu. Nikaahidi. Nikatoa sehemu yangu, nikamwambia Lilian naye atoe. Akaniuliza, na Marta alale wapi?" Nelson alisema bila kumtazama Marta. "Nikamjibu mtoto wa nje hana chumba kwa babu yake. Nilisema hivyo hapahapa. Akaniambia nisikanyage tena chumbani kwake, na mimi, kwa kiburi changu, sikukanyaga. Alipokufa nikajua fungu lake litakwenda kwa binti, na nyumba itakatwa."

"Na Lilian alikuwa ameshampa Ephraimu," Bibi Tabea alisema. "Aprili yote alikuwa ananiuliza, Nelson hajaja?"

Hapo Nelson akaanza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima asiyejua kulia. Marta alisimama mbele yake. Hakuwa na hasira usoni, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mjomba, ulipomshika mkono ulimwambia nini?"

"Nani?"

"Mama. Miaka mitatu hujamshika mkono. Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Niliogopa mhudumu angerudi."

Marta akaitikia kwa kichwa, akaenda chumbani kwa mama yake, akafunga mlango. Loshoro haikuliwa.

Saa kumi na mbili jioni, kituoni, Naisiae alifungua fomu ya mtuhumiwa na kuvuta pedi ya wino. Ni utaratibu wa kila siku, vidole kumi, kimoja kimoja. Alianza na dole gumba la kulia. Nelson alitetemeka, alama ikavurugika. Fomu ya pili nayo ikawa doa tupu. Mara ya tatu Naisiae alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaubana kwa nguvu, na bado ilitoka imepinda.

"Inatosha," alisema. "Itasomeka hivyohivyo."

Nelson alipewa kipande cha pamba. Alisugua dole lake, akasugua, kisha akalitazama chini ya taa.

"Huu wino unatoka, afande?"

Naisiae alikuwa akiandika saa kwenye fomu. Hakupenda kumjibu, ila alimjibu.

"Kwa mtu aliye hai unatoka. Siku mbili tatu."